Nani Alimuuzia Mwanangu Sigara?

(Maneno haya yalisemwa na wanachama wa kikundi kimoja cha kujisaidia cha Mata, Taveta, kwenye siku ya mafunzo ya vikundi. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vingine viyasome na kujadiliana.)

Ndugu zetu wa vikundi, akina mama, akina baba, wazee wetu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango!

Tulipoambiwa tuje tuseme neno, wengi mlidhani tutazungumza juu ya kuku, au juu ya ule mzunguko wetu wa pesa, kwa maana hayo ndiyo tunayojulikana nayo. Leo hapana. Leo tumekuja kusema juu ya sigara, na kwa nini watoto wetu wanaanza kuivuta wakiwa bado wadogo. Tunaomba mtuvumilie, kwa sababu sehemu ya habari hii ni aibu yetu wenyewe. Lakini tulikubaliana kikundini kwamba aibu ikisemwa inafundisha, ikifichwa inaoza.

Hatukuja kama madaktari. Sisi ni wakulima wa ndizi na mahindi, wafugaji wa mbuzi wachache, na wenye kaduka kamoja ka kikundi. Tutasema yale tuliyoyaona, pamoja na yale tuliyofundishwa na watu wa afya.

JINSI TULIVYOANZA KUULIZA

Duka letu la kikundi tunaliendesha kwa zamu. Leo mama huyu, kesho mama yule. Tunauza unga, sukari, majani chai, sabuni, mafuta ya taa, kiberiti. Na tulikuwa tunauza sigara. Pakiti ilikuwa inafunguliwa, inawekwa juu ya kaunta karibu na kopo la peremende, na mtu ananunua moja au mbili. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni vizuri au vibaya. Duka gani la kijijini halina sigara?

Siku moja katika mkutano wetu mama mmoja alisimama. Alikuwa anafua nguo mferejini, akakuta kipande cha sigara katika mfuko wa shati la shule la mwanawe. Mtoto ana miaka kumi na minne. Baba yake havuti. Mama huyu alikuwa na hasira, akatuuliza, "Jamani, nani anamuuzia mwanangu sigara?"

Kimya. Tuliangaliana, kisha tukaangalia chini.

Halafu mmoja wetu akasema polepole, "Mama, mimi nilimuuzia. Aliniambia ametumwa na mjomba wake." Mwingine akasema, "Hata mimi. Mara mbili." Na wa tatu. Kumbe kijana alikuwa na akili: alikuwa anaijua ile zamu yetu kuliko sisi. Siku ya mama yake hakanyagi dukani. Siku za sisi wengine anakuja na shilingi zake, anasalimia kwa heshima, anapewa.

Yule mama akaanza kulia, akatulaumu. Ndipo mama mmoja mtu mzima akamuuliza kwa upole, "Na wewe, dada, siku yako ya zamu umewauzia wangapi?" Akanyamaza. Akafikiri. Akataja watoto wawili, na mama zao walikuwa wamekaa pale pale kwenye benchi.

Ndugu zetu, ndivyo ilivyokuwa. Kila mama alikuwa anamlinda wa kwake na kumuuzia wa mwenzake. Tangu siku ile tukaanza kuuliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza zamani: mtoto anaanzaje?

KWA NINI WANAANZA?

Tuliwauliza vijana wenyewe. Si kwa fimbo. Tuliwaita wachache, tukapika chai na mihogo, tukawaambia hakuna atakayechapwa. Mwanzo walicheka tu. Baadaye wakasema. Tuliwauliza pia wazee wanaovuta, watuambie walianzaje. Mambo tuliyoyasikia ni haya.

Kwanza, mtoto anaanza kwa kutumwa. Mzee mmoja alituambia, na tulishangaa kwa sababu kila mmoja wetu ameiona nyumbani: "Mimi sikufundishwa na marafiki. Baba alikuwa anakaa nje, ananiita, 'Nenda jikoni kaniwashie sigara.' Sasa sigara utaiwasha vipi kwenye mafiga bila kuivuta? Unaiweka mdomoni, unainamia kaa la moto, unavuta ishike. Nikawa nalipwa kwa moshi." Alikuwa na miaka tisa. Sasa ana zaidi ya sitini na bado anakohoa alfajiri.

Hebu tujiulize hapa. Ni wangapi kati yetu wamemtuma mtoto dukani sigara? Ukimtuma umeshamfundisha mambo matatu: ameijua bei, ameijua sehemu, na amejua kwamba akisema "nimetumwa" hakuna atakayemuuliza.

Pili, mtoto anataka kuwa mkubwa. Tumbaku hapa kwetu haikuanza juzi. Zamani ugoro ulikuwa wa wazee, na kijana aliyeugusa alikemewa. Sigara ya karatasi ilienezwa sana na vita vikuu vya dunia, kwa maana majeshi yalikuwa yanawagawia askari wao. Na vita hivyo sisi tunavijua. Februari 1916 watu waliuana pale Salaita, si mbali na hapa. Sigara ikashikamana na sura ya askari, ya dereva, ya mtu aliyesafiri. Mpaka leo kijana anapoishika anajiona amekuwa mwanaume. Mmoja alituambia, "Nikiwa kwa stage ya bodaboda bila fegi, naitwa mtoto. Nikiwasha, wananiongelesha kama mtu."

Neno hilo lilituuma. Kijana anataka aongeleshwe kama mtu. Je, sisi nyumbani tunamwongelesha vipi? Ng'ombe amefunguliwa, wewe. Maji hayajachotwa, wewe. Mkutano wa familia, "toka nje, haya ni ya watu wazima." Basi anakwenda mahali ambapo kuwa mtu mzima kunauzwa kwa shilingi chache.

Tatu, ni rika. Hili mnalijua. Vijana watano wamekaa chini ya mwembe, wanne wanavuta, wa tano atakaa hivyo hivyo mpaka lini? Hakuna anayemlazimisha kwa nguvu. Wanamcheka tu. Na kicheko cha wenzako ukiwa na miaka kumi na mitano ni kizito kuliko fimbo ya mwalimu.

Nne, ni kazi na usiku. Hapa tunaomba msikilize sana, kwa sababu ni jambo la kwetu. Siku za soko Taveta, Jumatano na Jumamosi, vijana wetu wanakwenda kupakia ndizi kwenye malori. Wanaamka usiku, hawajala. Wengine wanakwenda na wavuvi kule Jipe, majini, baridi, na mbu. Wengine wanafika mpaka Mwatate kwenye mkonge. Na wengi tunawatuma sisi wenyewe kulala shambani kulinda mazao, kwa sababu ndovu wakitoka Tsavo usiku mmoja wanamaliza jasho la msimu mzima.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na tano, yuko kwenye kibanda peke yake au na wakubwa, saa nane za usiku, ana njaa, ana usingizi, anaogopa ndovu. Mkubwa anamwambia, "Shika hii, itakupa joto, itakufukuzia mbu, itakutoa usingizi." Naye anavuta. Na kweli, nikotini inapunguza njaa kwa muda na inaamsha kidogo. Hilo si uongo. Uongo ni kwamba inasaidia. Njaa iko pale pale, imefunikwa tu kama shimo lililofunikwa kwa majani.

Kijana mmoja alituambia, "Mama, hiyo ya kwanza nilivuta kwa mahindi yenu." Alikuwa na maana ya shamba. Hatukuwa na jibu.

Tano, ni mawazo. Ameanguka mtihani. Karo imekosekana, amerudishwa nyumbani, wenzake wanapita na sare. Nyumbani baba na mama wanagombana. Mvua imekataa. Mtu mzima akiwa na mawazo anakuja kikundini, anasema, anachangiwa. Kijana hana kikundi. Anakaa nayo kifuani, halafu anapata kitu cha kufanya na mikono.

Sita, kuna wanaotaka avute. Kampuni za sigara ni biashara, na biashara hii ina tatizo ambalo biashara ya unga haina: inawaua wateja wake. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Basi lazima wapatikane wengine wa kuziba pengo. Huku si kuwasingizia. Kule Marekani, kesi za miaka ya 1990 zilitoa nje karatasi za ndani za kampuni hizo. Moja ya mwaka 1984 ilieleza waziwazi kwamba vijana ndio chanzo pekee cha wavutaji wa kuchukua nafasi ya wanaoacha na wanaokufa. Na hukohuko Marekani imeonekana kwamba katika kila wavutaji kumi, karibu tisa walijaribu mara ya kwanza kabla ya miaka 18. Mtu akifika miaka ishirini na tano hajaanza, ni vigumu kumpata tena. Kwa hiyo wanatafutwa wadogo.

Hapa Kenya matangazo ya sigara yalikatazwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Wale wakubwa kidogo wanakumbuka mabango yalivyokuwa barabarani, mtu mzuri, amevaa vizuri, anacheka. Hayo yameondoka. Lakini moshi una njia nyingi. Sasa uko kwenye simu, kwenye video za wanamuziki. Na kuna vitu vipya visivyo na moshi kabisa. Mwaka 2019 viliingia vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka ndani ya mdomo, vina ladha nzuri, mwalimu hawezi kunusa kitu. Mzazi anaona mtoto havuti, anashukuru Mungu, kumbe nikotini ni ile ile.

Na tusisahau muguka. Vijana wengi walituambia walianza na muguka, wakitafuna, halafu mdomo ukataka sigara. Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na hii yetu ya Taita Taveta zilitangaza kuzuia muguka, wakulima wa Embu wakalia, mambo yakafika mahakamani. Hatukuja kuhukumu kesi hiyo. Tunasema tu kwamba kitu kimoja humwita mwenzake, na anayelinda mlango mmoja aangalie na mwingine.

Saba, na ya mwisho, ni kwamba sigara inapatikana. Haya sita yote yangekuwa maneno tu kama kijana angetembea kijiji kizima akakosa wa kumuuzia. Ndiyo maana tumeweka hili mwisho, kwa sababu ndilo lililo mikononi mwetu.

SIGARA MOJA MOJA

Ile Sheria ya 2007 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza pia kufungua pakiti na kuuza moja moja. Tulipoambiwa hivyo na afisa wa afya tulicheka, kwa sababu tulidhani anatania. Moja moja ndiyo biashara yenyewe!

Lakini sikilizeni sababu yake. Mtoto hana pesa ya pakiti. Ana pesa ya moja, bei ya mandazi mawili hivi. Ukikataa kufungua pakiti, umemfungia mlango yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Tena, tangu 2016 pakiti zetu hapa Kenya zina picha za magonjwa pamoja na maonyo. Anayenunua moja haoni picha wala onyo. Anapewa tu kile kijiti cheupe, safi, kama chaki.

Tulifundishwa pia hesabu ya nchi. Mwaka 2013 wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 waliulizwa hapa Kenya. Karibu kumi katika kila mia walikuwa wanatumia tumbaku ya namna fulani: wavulana karibu 13 kwa mia, wasichana karibu 7 kwa mia. Mwaka uliofuata wakaulizwa watu wazima: wanaume 19 kwa mia, wanawake kati ya wanne na watano kwa mia. Mmeona? Wasichana wa shule walikuwa wamewapita wanawake wazima. Sisi akina mama tulizoea kusema "hayo ni mambo ya wavulana." Tusiseme hivyo tena.

MBONA HAWAACHI?

Kila kijana tuliyeongea naye alisema neno moja: "Naweza kuacha nikitaka." Tukamwambia mmoja, "Basi acha wiki hii tu, halafu utuambie." Siku ya tatu alikuwa amegombana na kila mtu nyumbani.

Nikotini ikivutwa inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, kabla hujamaliza kusema jina lako na la baba yako. Ubongo unaizoea, unaanza kuidai. Na ubongo wa kijana bado unajengwa, unaendelea kukua mpaka baada ya miaka ishirini. Kitu kinachoingia wakati nyumba inajengwa kinabaki ndani ya ukuta. Ndiyo maana wadogo wanashikwa haraka kuliko wakubwa. Wengine wanaanza kuidai ndani ya wiki chache, hata kama hawavuti kila siku.

Juu ya magonjwa hatutasema mengi, mmeshayasikia: saratani ya mapafu na ya koo, moyo, kiharusi. Tuongeze moja tu linalotuhusu. Anayevuta anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na kifua kikuu tunakijua, tumewauguza watu wetu.

Tuseme pia juu ya pesa, kwa sababu sisi ni vikundi vya pesa. Kijana akivuta mbili kwa siku, tuseme kila moja ni shilingi 15, hiyo ni 30 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 10,950. Hiyo ni mbuzi, na chenji inabaki. Mbuzi huyo angezaa. Moshi hauzai.

TULIVYOFANYA NA DUKA

Sasa turudi kwenye aibu yetu. Msidhani tulikubaliana siku moja. Tulibishana mikutano mitatu.

Mweka hazina alifungua daftari, akatuonyesha. Sigara ilikuwa ya tatu kwa faida, baada ya sukari na unga. Wengine walisema, "Tukiacha, watakwenda duka la mbele. Mtoto atavuta vile vile na sisi tutakosa faida." Na anayekuja kununua sigara hununua kiberiti, hununua na sukari ya nyumbani. Maneno hayo si ya kijinga. Faida hiyo ndiyo iliyolipa karo ya mtoto wa mwanachama mmoja mwaka uliopita.

Ndipo yule mama wa shati akasema, hakupaza sauti, "Kwa hiyo tulimlipia karo mtoto mmoja kwa mapafu ya mwingine." Hakuna aliyeendelea kubisha.

Tulianza kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza tuliacha kufungua pakiti, na tukakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayepewa sigara, hata akisema ametumwa na chifu. Baadaye tukaona pakiti nzima nzima hazinunuliwi, zinakaa tu. Tukamaliza zilizobaki, hatukuleta nyingine. Mahali pa sigara tukaweka mayai ya kuchemsha na njugu.

Je, tulipata hasara? Ndiyo, hatutawadanganya. Kwa miezi kadhaa faida ilishuka. Wanaume wengine walitutukana, wakasema tumejifanya watakatifu. Mayai yamerudisha sehemu, hayajarudisha yote. Tulikwenda pia kwa majirani zetu wenye maduka, tukiwa wanne, tukakaa, tukaongea nao kama majirani. Wawili wakakubali kutowauzia watoto. Mmoja alikataa, akasema biashara ni biashara. Bado tunamsalimia, na bado tutarudi kwake.

Na yule kijana? Mngependa tuseme ameacha, tupige makofi. Aliacha, akarudia, akaacha tena. Hiyo ndiyo kawaida ya nikotini, mtu hujaribu mara kadhaa kabla ya kuweza. Lakini kuna kitu kimebadilika. Mama yake aliacha kumpekua mifuko. Sasa anamuuliza tu, "Leo imekuwaje?" Naye anajibu ukweli, hata ukweli ukiwa mbaya. Na alipofikisha miaka kumi na mitano tulimpa kazi ya kusoma hesabu za kuku katika mkutano wetu. Amekaa nasi. Anaongeleshwa kama mtu.

KIKUNDI CHAKO KINAWEZA KUFANYA NINI?

Mambo haya tumeyajaribu, hayahitaji mfadhili:

1. Mtoto asitumwe sigara, asiwashe sigara, hata ya babu. Mzee mwenye hamu atembee mwenyewe mpaka dukani, ni mazoezi.

2. Kama kikundi kina duka au kibanda, jadilianeni kwa daftari wazi. Mkishindwa kuacha kabisa, angalau msifungue pakiti na msimuuzie mtoto. Hiyo si hisani, ni sheria.

3. Mtoto asilale shambani peke yake wala na wavutaji. Tumepanga zamu ya kulinda ndovu kwa nyumba kadhaa pamoja, watu wazima ndio wanaokesha, na kunakuwa na uji wa moto. Mtu aliyeshiba hadanganywi na moshi.

4. Kijana apewe kiti katika kikundi. Hata akija kusikiliza tu, hata akiandika tu mahudhurio.

5. Baba anayevuta aseme ukweli. Usimwambie mwanao "sigara ni mbaya" huku umeishika. Mwambie, "Mimi imenishinda, nilianza kama wewe, nisaidie tuache pamoja." Wako wazee wawili kikundini walioanza hivyo.

6. Kijana aliyeanza asifukuzwe, asitangazwe kanisani wala sokoni. Aibu itampeleka kwa wenzake wanaovuta, kwa sababu wao hawamcheki. Siku za mwanzo za kuacha ndizo ngumu zaidi, hasa wiki ya kwanza. Mpeni maji, njugu, kazi ya mikono, na uvumilivu akikasirika. Kuna simu ya bure ya NACADA, nambari 1192, mtu anaweza kupiga akapata mashauri. Na zahanati ipo.

Ndugu zetu, tulipoanza tulikuwa tunatafuta ni nani mbaya aliyemharibu mtoto wetu. Tulimtafuta sokoni, tukamtafuta stage, tukamtafuta kwenye simu. Kweli wapo huko. Lakini wa kwanza tuliyemkuta alikuwa amesimama nyuma ya kaunta yetu, amevaa leso ya kikundi chetu, anahesabu chenji.

Hatusemi hivi ili mrudi nyumbani mkiwa wazito. Tunasema kwa sababu hiyo ndiyo habari njema ya jambo lote. Kampuni kubwa hatuiwezi leo. Simu za watoto hatuziwezi zote. Kaunta yetu tunaiweza, na jikoni kwetu tunakuweza.

Na nyinyi vijana wa mlangoni, sogeeni mbele, kuna chai.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu mtoto anapata wapi sigara ya kwanza? Tajeni mahali, msitaje majina ya watu.

2. Ni kazi gani tunazowapa watoto ambazo zinawaweka usiku au njaa pamoja na wavutaji? Nani mwingine anaweza kuzifanya?

3. Je, kikundi chenu kinapata faida yoyote kutoka kwenye kitu kinachowadhuru watoto wenu? Fungueni daftari muone.

4. Ni lini mara ya mwisho kijana alisema neno katika mkutano wenu, na nyinyi mkalifuata?